Lúcio na mbio zake: beki wa kati apande na mpira au abaki nyuma?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha timu ya vijana hapa Morogoro. Nina beki wa kati wa miaka 17, mrefu, ana nguvu, lakini akishapokonya mpira hatulii, anapanda nao mpaka nusu ya wapinzani. Viongozi wanataka nimkataze, wanasema anakimbia kama daladala iliyokatika breki na ipo siku atatuua. Mimi nikimtazama namkumbuka Lúcio wa Brazil, yule nahodha wa kikosi kilichokuja Dar mwaka 2010. Je, Lúcio alifika alikofika kwa sababu ya mbio zile, au timu zake zilikuwa zinambeba? Na baada ya Inter alipotelea wapi?"

Marahaba, kocha. Usimkataze kwanza. Mechi ijayo, badala ya kumwangalia anapokimbia, mwangalie sekunde mbili kabla hajaanza kukimbia. Mpira aliupataje? Aliupata akiwa amesimama wima, au aliteleza chini, akanyanyuka na kubahatisha? Siri ya Lúcio ilikuwa hapo, na wengi wanaomkumbuka wanaikosa kwa sababu macho yao yalivutwa na zile mbio.

Jina lake kamili ni Lucimar Ferreira da Silva, mzaliwa wa tarehe 8 Mei 1978 huko Planaltina, jirani na Brasília. Hakulelewa Santos wala Flamengo. Mwaka 1997 klabu ndogo ya Guará ilimchukua kwa mkopo kwa ajili ya mechi moja tu ya Kombe la Brazil, dhidi ya Internacional ya Porto Alegre. Guará wakafungwa 7-0. Saba bila, halafu beki wa kati wa timu iliyofungwa saba ndiye akasajiliwa na hao hao waliomfunga! Mimi hadithi hiyo huwapa makocha wa vijana kila ninapopata nafasi, maana kwetu beki akiwa uwanjani siku ya kipigo cha namna hiyo, Jumatatu ameshapewa jina baya na Jumanne yuko benchi.

Januari 2001 akatua Bayer Leverkusen, Ujerumani, na hapo ndipo dunia ilipoanza kuziona mbio zake. Chukua usiku mmoja: 9 Aprili 2002, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, marudiano na Liverpool. Leverkusen walikuwa wameshafungwa 1-0 kule Anfield. Nyumbani kwao wakaongoza 3-1, mambo yakaonekana kuisha, kisha dakika ya 79 Jari Litmanen akafunga na kuwa 3-2. Jumla 3-3, na kwa sheria ya bao la ugenini ya wakati ule (jumla ikilingana, anapita aliyefunga mengi ugenini) Liverpool ndio waliokuwa wanasonga mbele. Dakika ya 84 likapatikana la nne. Mfungaji hakuwa Michael Ballack, ambaye usiku ule tayari alikuwa na mawili, wala Dimitar Berbatov. Alikuwa beki wa kati, Lúcio. Wiki chache baadaye, tarehe 15 Mei, kwenye fainali pale Hampden Park, Glasgow, Raúl aliwatanguliza Real Madrid dakika ya nane na Lúcio akasawazisha kwa kichwa dakika sita tu baadaye. Watu wanaikumbuka fainali ile kwa shuti la Zidane la mguu wa kushoto kabla ya mapumziko, lililoipa Madrid ushindi wa 2-1, na wana haki. Lakini bao pekee la Leverkusen lilitoka kwa beki.

Sasa niwape haki viongozi wako, maana hawakosei kwa kila kitu. Leverkusen ya kocha Klaus Toppmöller msimu ule ilimaliza mikono mitupu. Ligi waliikosa kwa pointi moja nyuma ya Borussia Dortmund, baada ya kuwa na pengo la pointi tano zikiwa zimebaki mechi tatu. Kombe la Ujerumani walifungwa na Schalke 4-2 kwenye fainali. Kisha Glasgow. Msimu uliofuata Ballack na Zé Roberto walikuwa wameshakwenda Bayern, na Jens Nowotny, aliyekuwa akisimama sambamba na Lúcio, alikuwa anauguza goti. Leverkusen ile ile ya fainali ikamaliza ya 15 kwenye Bundesliga. Lúcio alikuwa yule yule na mbio zile zile, ila waliokuwa wakifunga mlango nyuma yake hawakuwepo tena. Beki akipanda huku hakuna aliyepangwa kubaki, kelele za shangwe na kelele za kilio huwa zinafuatana kwa karibu sana.

Luiz Felipe Scolari alilijua hilo, na ndiyo sababu Kombe la Dunia la 2002 ni somo zuri kwako kuliko Leverkusen. Alipanga mabeki watatu wa kati: Lúcio, Edmílson na Roque Júnior. Pembeni akawaacha Cafu na Roberto Carlos wapande watakavyo, na mbele ya wale watatu akamweka Gilberto Silva, kiungo mkabaji ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutokuonekana. Brazil walisemwa kuwa timu ya Ronaldo, Rivaldo na Ronaldinho, na mabao yalitoka kwao kweli. Ila chini yao kulikuwa na hesabu ya kikocha: mtu mmoja wa nyuma akiondoka, wawili wanasogea kuziba na Gilberto anashuka. Hakuna aliyepiga kelele wala kunyoosha mkono kuomba msaada, lilikuwa jambo lililokwisha kukubaliwa.

Na hapo kuna tukio ambalo viongozi wako wakilifahamu watalitumia dhidi yako, kwa hiyo lifahamu wewe kwanza. Tarehe 21 Juni 2002, Shizuoka, robo fainali na Uingereza. Dakika ya 23 Emile Heskey alipiga mpira mrefu kuelekea kwa Michael Owen. Lúcio alikuwa mbele ya Owen, na mpira ule alikuwa na nafasi ya kuuondosha. Akataka kuutuliza. Ukamgonga, ukamkimbia, Owen akauokota na kumnyanyulia kipa Marcos. 1-0. Ukiulizia kosa la Lúcio, watu wazima wote watakutajia hilo. Lakini litazame vizuri: hakuwa amepanda. Alikuwa mahali pake, anatazama lango lake, mpira unatoka juu, na mpinzani mwenye kasi yuko mgongoni. Kosa lilikuwa kuchagua kutuliza mpira pasipo na haja. Ni ugonjwa mwingine kabisa na dawa yake ni nyingine. Rivaldo alisawazisha kabla ya mapumziko, Ronaldinho akamaliza kwa faulo ile maarufu iliyompita David Seaman, na Scolari hakumgusa Lúcio. Siku tisa baadaye, Yokohama, Brazil 2 Ujerumani 0, na Lúcio akaondoka na medali ya dhahabu.

Kwa hiyo kijana wako akifungisha, kabla hujakubali kwamba "ni kwa sababu anapanda", rudia tukio kichwani. Makosa mengi ya mabeki wa umri wake hutokea wakiwa wamesimama mahali pao hasa.

Mwaka 2004 Lúcio alihamia Bayern Munich. Pale sitakaa sana, maana ni hadithi ya mtu kufanya kazi yake kila Jumamosi: ubingwa wa ligi mara tatu (2005, 2006 na 2008), na Kombe la Ujerumani katika misimu hiyo hiyo mitatu. Kikubwa cha kipindi hicho kwa swali lako kilitokea akiwa na jezi ya njano.

Kombe la Dunia la 2006, Ujerumani. Brazil waliwafunga Croatia, Australia, Japani na Ghana, kisha wakatolewa na Ufaransa kwenye robo fainali kwa bao la Thierry Henry. Mashindano yale Wabrazili wengi hawapendi kuyakumbuka. Lakini Lúcio alicheza dakika 386 mfululizo bila kufanya faulo hata moja, rekodi ya Kombe la Dunia. Piga hesabu: mechi nne nzima ni dakika 360, halafu sehemu ya kipindi cha kwanza na Ufaransa ndipo filimbi ikapulizwa dhidi yake kwa mara ya kwanza. Beki wa kati! Mtu ambaye kazi yake ni kukutana na washambuliaji mwili kwa mwili! Na timu kwa mechi zote tano iliruhusu mabao mawili tu.

Hapo sasa ndipo mbio zake zinapoeleweka. Ukitafuta video zake za miaka ile, simamisha picha mshambuliaji anapomjia. Utaona mambo ambayo hayapigiwi makofi. Hamkabili kifua kwa kifua. Amesimama kiubavu, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa kidogo, kwa hiyo mshambuliaji anaonyeshwa njia moja tu, na ndiyo ile Lúcio anayoitaka. Harushi mguu mapema. Anarudi nyuma hatua mbili, tatu, anasubiri. Mshambuliaji akiusukuma mpira mbele zaidi ya inavyopaswa, hata kwa nusu hatua, ule mguu mrefu unaingia kati na mpira umekwisha kuwa wake. Na kwa kuwa hakuanguka, mwili wake tayari unaelekea mbele. Mshambuliaji aliyepokonywa yuko nyuma yake, viungo wa wapinzani walikuwa wanapanda kumsaidia mwenzao na sasa wamepishana naye. Mbele yake ni uwazi wa mita 20 au 30. Akikimbia hapo si ukaidi. Nafasi ameshaifungua yeye mwenyewe kwa namna alivyokaba.

Beki anayeteleza chini hawezi hilo. Hata akiupata mpira, yuko sakafuni. Mpaka anyanyuke, wapinzani wamejipanga, na akipanda wakati huo basi kweli viongozi wako wana haki ya kushika vichwa.

Kiangazi cha 2009 Louis van Gaal alichukua timu ya Bayern na Lúcio hakuwa kwenye mipango yake. Inter Milan ya José Mourinho ikamchukua, akiwa na miaka 31. Wakati ule wengi walidhani anakwenda kumalizia mpira Italia. Alichopata Milan ni alichokosa Leverkusen: Walter Samuel, Muajentina asiyependa kutoka eneo lake, kando yake, Esteban Cambiasso mbele yake, mwenye kunusa hatari mapema, na Javier Zanetti, ambaye ukimwambia akae anakaa. Dhidi ya Chelsea kwenye hatua ya 16 bora walimkaba Didier Drogba mechi mbili bila kumpa bao hata moja, na kule London Drogba aliishia kutolewa kwa kadi nyekundu huku bao la Samuel Eto'o likiwa limeshaamua mambo. Zilikuwa vita za viwiko na mabega, na sikuambii kwamba Lúcio alikuwa malaika. Nakuambia hakupoteza kichwa.

Halafu Camp Nou, 28 Aprili 2010, nusu fainali ya marudiano. Inter wametoka nyumbani na ushindi wa 3-1. Dakika ya 28 Thiago Motta anapewa kadi nyekundu. Zimebaki zaidi ya dakika 60, watu kumi, mbele ya Barcelona ya Messi na Xavi. Eto'o, mshambuliaji, akageuka kuwa beki wa pembeni. Na Lúcio je? Alikaa. Mbio aliziweka kando, akaondosha kila kilichokuja. Gerard Piqué alifunga dakika ya 84, lakini halikutosha. Ukitaka kumwonyesha kijana wako mechi moja tu ya Lúcio, mwonyeshe hiyo, ambayo hakukimbia. Fainali ya Madrid tarehe 22 Mei ilimkutanisha na Bayern, timu iliyomwacha, ikiongozwa na van Gaal huyo huyo. Diego Milito mawili, Inter bingwa, na pamoja na ligi na Kombe la Italia yakawa makombe matatu kwa msimu mmoja. Mwishoni mwa mwaka wachezaji wa kulipwa duniani walimpigia kura akaingia kwenye kikosi bora cha FIFPro.

Kwa kuwa umetaja Dar: ile ilikuwa 7 Juni 2010, siku 16 tu baada ya fainali ya Madrid. Brazil 5 Taifa Stars 1, Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja, na Jabir Aziz akatufungia la kufutia machozi. Benchi letu nalo likiwa na Mbrazili, Márcio Máximo. Siyo mechi ya kumpimia beki. Afadhali umpime Desemba ya mwaka huo Abu Dhabi, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, ambako TP Mazembe ya Lubumbashi iliitoa Internacional, klabu iliyomlea Lúcio, kwa 2-0, kipa Kidiaba akishangilia kwa kurukaruka na makalio. Fainali Mazembe wakakutana na Inter ya Lúcio na Mkenya McDonald Mariga, wakafungwa 3-0. Mazembe walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ile.

Na Brazil yake kama nahodha? Kitambaa alikabidhiwa na kocha Dunga baada ya Kombe la Dunia la 2006. Kilele kilikuwa Johannesburg, 28 Juni 2009, fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Marekani. Mapumziko Brazil wako nyuma 2-0. Luís Fabiano akarudisha yote mawili, na dakika ya 84 kona ya Elano ikamkuta Lúcio hewani: kichwa, 3-2, na mwanaume akalia machozi hadharani. Mwaka mmoja baadaye, katika nchi hiyo hiyo, Uholanzi wakawatoa 2-1 Port Elizabeth, Wesley Sneijder, mwenzake wa Inter, akiwa ndiye muuaji. Alimaliza na mechi 105 za timu ya taifa na mabao manne. Manne tu, kocha. Waambie viongozi wako hivyo: mtu aliyesifika kwa kupanda hakuwa anapanda kwenda kufunga. Alikuwa anapanda kuwavuta wapinzani watoke kwenye nafasi zao, kisha anatoa pasi.

Kwa hiyo, alibebwa? Alilindwa. Pale ambapo ulinzi ulipangwa, yaani Brazil ya Scolari na Inter ya Mourinho, alibeba makombe makubwa kuliko yote. Pale ambapo haukupangwa, alipendwa na mashabiki na kabati likabaki tupu.

Kwa kijana wako ningefanya hivi. Wiki mbili za kwanza mazoezini, mmoja kwa mmoja, mkataze kuteleza chini. Apokonye akiwa wima tu, na akiupokonya hivyo ana ruhusa ya kwenda. Akianguka, hata kama mpira anao, pasi fupi na abaki. Utashangaa jinsi kanuni hiyo moja itakavyopunguza safari zake bila wewe kupiga kelele. Kisha kaa na kiungo mkabaji, mwambie jukumu la kushuka ni lake pindi mwenzake anapovuka mstari wa katikati, na beki wa pembeni wa upande ule haruhusiwi kupanda wakati huo huo. Wafanye mara nyingi mpaka iwe mazoea, maana kwenye mechi hakuna muda wa kuulizana. Na mfundishe mwisho wa mbio: mpinzani wa kwanza akimsogelea, mpira uondoke mguuni. Vijana wengi wanaharibu hapo. Wamempita mmoja, wanataka na wa pili, na wa tatu ndiye anayekuanzishia shambulizi. Tena mkiwa mnaongoza bao moja na zimebaki dakika kumi, anakaa. Hilo halina mjadala.

Kuhusu alikopotelea: Julai 2012 aliondoka Inter akaenda Juventus, ambako Barzagli, Bonucci na Chiellini walikuwa hawagusiki. Mechi nne tu, na Desemba mkataba ukavunjwa kwa makubaliano. Mwaka 2013 akarudi Brazil na São Paulo, na hapo umri ukaanza kudai chake: kwenye Copa Libertadores dhidi ya Atlético Mineiro alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza timu ikiwa inaongoza 1-0, wakapoteza 2-1 na baadaye wakaaga mashindano. Miguu ikipungua kasi, nusu hatua aliyozoea kuisubiri haipatikani tena na faulo zinaongezeka. Aliwekwa nje ya kikosi, mwaka 2014 akachezea Palmeiras, kisha akaenda India kwa FC Goa chini ya Zico. Fainali ya ligi ya India ya Desemba 2015 Goa waliongoza 2-1 mpaka dakika ya 90 wakafungwa mabao mawili ya mwisho na Chennaiyin, timu iliyokuwa ikiongozwa na Marco Materazzi, mwenzake wa zamani wa Inter. Akamalizia kwenye klabu za Gama na Brasiliense, na Januari 2020, akiwa na miaka 41, akatangaza kustaafu.

Jambo moja hukuniambia: kiungo wako mkabaji ni mtu wa namna gani? Kama naye ni mpenda kupanda, yote niliyosema kuhusu kijana wako inabidi yasubiri mpaka umpate mwingine wa kubaki. Niandikie hilo kabla ligi ya mkoa haijaanza.